Kadi ya Choo na Wimbo wa Meza ya Tatu

Mkataba wa Selpha Nekesa na kiwanda kimoja cha makadamia mjini Thika ulitiwa saini tarehe 4 Machi 2019. Haukutaja kuimba popote. Selpha aliimba tangu wiki ya kwanza.

Kwao Bungoma, watu wakimpalilia mtu shamba, humwimba mwenyewe: ubahili wake, uji wake mwepesi, yote. Naye husimama asikilize mpaka wimbo uishe, ndipo ajibu. Selpha alileta desturi hiyo kwenye meza ya kuchambua kokwa za makadamia. Wasimamizi walizoea. Mmoja alikuwa akilalamika asipoimbwa.

Mwaka huu Amar, mtoto wa mwenye kiwanda, mzaliwa wa hapahapa Thika, alishika usukani. Akaweka sheria ya kadi: kila meza kadi moja ya choo, na asiye nayo asiinuke. Akapiga marufuku nyimbo, akatundika sanduku la maoni. Halikupata hata karatasi moja. Barua ina mwandiko wa mtu. Wimbo ukishaitikiwa na ukumbi mzima, utamkamata nani?

Ukumbi ukanyamaza, na kimya chake hakikuwa kizuri. Trei zilibamizwa. Kalondu, msichana wa Gatuanyaga mwenye kicheko cha kusikika mpaka getini, aliacha kucheka. Alhamisi, wakati wa chai, alimnong'oneza Selpha.

"Kesho lori la mzigo likiingia tunafunga geti. Matairi tumeshapata."

"Ya kuchoma?"

"Sasa auntie, tairi huliwa?"

Selpha hakucheka. Miezi miwili nyuma alikuwa amefanywa kiongozi wa meza ya tatu, na kazi moja ya kiongozi ilikuwa kumripoti yeyote atakayeimba. Alikitaka cheo hicho. Mwanawe Lenny alikuwa amewatangazia majirani wote wa Kiganjo. Lakini akilini alimwona Kalondu akipandishwa kwenye gari la polisi, na picha hiyo ilikataa kumtoka.

Waliporudi mezani, akaanza kwa sauti ya chini.

"Kadi iko wapi?"

Akarudia, juu zaidi. Mama mmoja pembeni akashindwa kujizuia: "Imeenda na Kalondu!"

"Atarudi lini?"

"Liulize tumbo lake!"

Ukumbi ukalipuka. Meza ya kwanza ikadaka, ya tano ikapiga makofi. Mlango wa ofisi ukafunguka, Amar akatoka na kikombe mkononi.

"Bosi anywa chai vikombe viwili!"

"Na kadi haombi!"

Amar akageuka mwekundu. "Mama Lenny, nani ameanzisha hii?"

"Mimi, bosi. Lakini bado hatujamaliza. Ngoja ubeti wa mwisho, halafu useme."

Akangoja, pengine kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Ubeti wa mwisho aliuchukua Kalondu, akaugeuza kuwa saba. Aliimba jinsi alivyobana miguu siku nzima, jinsi mwenye kadi alivyotembea polepole makusudi, jinsi yeye mwenyewe alivyoruka kama mbuzi kuifukuzia. Wenzake walianguka juu ya meza kwa kicheko. Alipomaliza, machozi yalikuwa yanamtiririka. Akaketi, akajipangusa, akapumua kama mtu aliyetua mzigo.

"Mimi nilidhani ni utaratibu tu," Amar akasema. "Hakuna aliyeniambia ni hivi."

"Ndiyo tunakwambia," akajibu Kalondu, kwa upole uliomshangaza hata yeye.

Jioni, kwenye njia ya kwenda Kiganjo, Selpha hakuuliza juu ya matairi. Kalondu alijibu hata hivyo: "Mwenye matairi alikuja kuyachukua. Anasema kuna mtu anataka kuyapandia sukuma wiki."

Ijumaa lori liliingia na kutoka. Kadi zimeondolewa. Nyimbo zimeruhusiwa, isipokuwa wageni wanunuzi wakiwepo. Kwa kukiuka amri, Selpha amevuliwa uongozi. Jumatatu saa moja asubuhi ataketi meza ya tatu kama mchambuaji wa kawaida, na kiongozi wake mpya atakuwa Kalondu.