Mlinzi Asiyeonekana na Wifi

Isidore Mbombo alilinda depo ya vipuri vya pampu huko Panda, mjini Likasi, kwa miaka kumi na minane, kila mchana, amekaa kitini kimya kama gunia la saruji. Mwizi, alisema, hamwogopi mlinzi anayezungukazunguka. Humwogopa yule asiyejulikana kama yuko macho au amelala. Na kweli, hata nati moja haikuwahi kupotea.

Kisha tajiri wake, Didier, aliyeishi Lubumbashi, akafunga kisanduku cha wifi. Mawimbi yake yalijaa chumbani, mtu akitembea huyavuruga, na simu ya Didier huandika: «Yuko.» Asipotikisika mtu, huandika: «Chumba kitupu.» Wiki ya kwanza tu, Isidore alihesabiwa amekosa kazi siku zote sita. Onyo likaja: siku moja zaidi, atafukuzwa.

Roho ilimwuma. Mzee wa watu, wapi tena angepata kazi? Alimlilia Fortunée, mfagiaji wa depo, mlokole asiyejua kusali kwa sauti ndogo.

«Papa Isidore, beye Bakatoliki munaombaka kimya sana,» alisema Fortunée. «Fanya sawa siye: tembea, piga mikono, ruka!»

Kesho yake Isidore alisali rozari huku akiruka, jasho likimtiririka, magoti yakilia. Simu ikaandika: «Watu wanne.» Didier akajua ni wezi. Akaingia garini, akaja Likasi mbio, na akamkuta mzee mmoja bado anaruka, anahema.

«Bale batatu beko wapi?»

«Ni minye peke yangu, patron. Nilikuwa naomba.»

«Machini haidanganyake!»

Akakaa kitini kwa hasira, akaandika barua ya kumfukuza Isidore kwa kuingiza wageni, akaisaini. Isidore alisimama amekauka, macho kwenye ile karatasi. Didier naye, amechoka na safari, akatulia tuli. Simu ikalia mezani. Isidore, mwenye macho makali, akaisoma kabla ya mwenyewe: «Chumba kitupu.»

«Patron,» alisema polepole, «machini inasema minye siko. Inasema na weye hauko. Sasa hii barua, nani aliisaini?»

Didier aliitazama simu, akakitazama kisanduku, akamtazama Isidore. Alikuwa amekinunua kwa mbwembwe, akakisifu mbele ya wafanyabiashara wenzake wote. Kukiita cha uongo hakuweza. Akaichana barua.