Magoti Yangu na Mkeka wa Jirani

Mimi sikuwahi kupenda kiti. Kiti ni cha karani na cha bwana shauri, mtu wa kuamkiwa kisha akaachwa peke yake. Lakini magoti yaliponiharibikia, hapa Rasbura kila nilipokwenda niliwekewa kiti. Arusini, kiti. Matangani, kiti. Wenzangu wako chini mkekani, mikono yote kwenye sinia moja, wanataniana, nami niko juu na kisahani changu. Heshima gani hiyo! Nilikuwa mjane, sina mtoto. Niliyebakiwa naye ni shoga yangu, jirani wa ukuta kwa ukuta, niliyezoea kula naye mkekani kwake kila Ijumaa. Nilitaka kurudi kwenye ule mkeka, basi.

Nikaenda hospitali ya serikali. Nesi akanikanda siku kadhaa, kisha akaniambia, "Mifupa imesagana, mama, haitarudi ilivyokuwa. Lakini ukifanya mazoezi nyumbani, maumivu yatapungua na goti litakunjika." Nipashe goti moto kwa kitambaa, nikae kitandani, ninyoshe mguu, niuinue, niushikilie hapo juu, niushushe taratibu. Nikamuuliza niushikilie kwa muda gani, maana saa sina. Akasema nihesabu polepole. Mimi nikaona heri nisome Alhamdu. Ikiisha, nashusha mguu.

Asubuhi na jioni nikawa nafunga mlango, maana mtu mzima kurusha miguu hewani si jambo la kuonyesha watu. Napasha kitambaa juu ya chetezo, natia na ubani kidogo kuua harufu ya dawa ya kuchua. Nainua mguu, nasoma kwa sauti, na uchungu ukizidi napaza zaidi. Uchungu ule! Nililia mara nyingi, na hapakuwa na mtu wa kuniambia pole.

Taratibu goti likaanza kutii. Lakini watu nao wakaanza kupotea. Shoga akaacha kunibishia hodi. Waliopita kibarazani wakaniamkia shikamoo ya haraka haraka, macho chini, hata marahaba hawaingoji. Nikasema labda nimewachosha, mgonjwa huchosha. Nilikula peke yangu, nikaosha kijisufuria changu, nikalala mapema.

Asubuhi moja nikafungua mlango, nikamkuta kuku mwekundu kafungwa miguu kizingitini. Kweli nilikuwa nimeibiwa kuku kabla ya kwenda hospitali, na nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Lakini wangu alikuwa mweupe. Muuza maji akapita, nikamuuliza ni wa nani. Akarudi nyuma. "Bibi, si unasoma halbadiri? Kila mtu anajua."

Lahaula! Halbadiri, kisomo cha kumwangamiza mwizi! Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na vitabu vyake ninavyo. Mlango umefungwa, ubani unafuka, mtu anasoma huku analia. Ningekuwa wao, nami ningekimbia.

Adhuhuri nikamtia kuku kwapani, nikaenda kwa shoga. Alikuwa uani, mkekani, mjukuu wake amelala hapo ana homa. Aliponiona akainuka kunitafutia kiti.

"Acha kiti," nikamwambia, nikashuka. Magoti yakalia, yakauma, lakini yakakunjika. Wallahi nilifurahi! Nikamtazama nikidhani atapiga vigelegele.

Alikuwa analia. "Dada, kuku wako tulimla sisi. Nimekulipa. Ondoa dua yako, mtoto anakwisha."

"Dua gani, shoga? Sijasoma dua yoyote! Ni magoti haya, ni mazoezi ya hospitali. Tazama!" Na kwa haraka ya kumtoa hofu nikanyosha mguu palepale, nikauinua, nikaanza Alhamdu.

Akapiga ukelele. Akamkumbatia mjukuu, akaingia naye ndani, nikasikia komeo. Nikamwita kwa majina yote tuliyowahi kuitana, nikamwapia kwa Mungu, nikacheka kidogo labda naye atacheka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nimemwonyesha nyoka mwenyewe.

Ilikuwa Ijumaa. Sinia la wali lilikuwa pale mkekani limefunikwa kawa. Nilikaa mbele yake, miguu imekunjika vizuri kabisa kama alivyotaka nesi, nikangoja mpaka wali ukapoa.