Kushika Kichwa cha Mama Mkwe

Kwetu magharibi mwa Kenya, mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hampi mkono, hali mbele yake, hamkazii macho, na wakikaribia kukutana njiani mmoja wao hugundua ghafla kwamba ana shughuli upande mwingine. Nilipooa mwanamke wa Equatoria aliyekulia ukimbizini Uganda, nilitumaini kwamba watu wake wangekuwa na desturi nyepesi zaidi. Walikuwa nayo hiyo hiyo, tena kali kuliko yetu. Posa yangu ilipokewa na wajomba. Mama mwenyewe alikaa nyuma ya ukuta wa matete, nami nikamjua kwa kikohozi tu.

Mimi ni mtu niliyesoma. Nahariri ripoti katika ofisi moja ya Thongpiny, mtaa wa mji mkuu wa nchi ya mke wangu, na jioni naandika insha ambazo watu wachache huzisoma na wachache zaidi hukubaliana nazo. Katika mojawapo nilieleza kwa kirefu kwamba mila za kuepukana na wakwe zimepitwa na wakati. Nilikuwa naimalizia mezani sebuleni niliposikia mama mkwe anakuja kuomba chumvi, nikatoka kwa mlango wa nyuma bila viatu.

Alikuwa amehamia kwetu, mtaa wa New Site, miaka mitatu kabla ya hayo ninayoyasimulia, akapewa chumba chake ng'ambo ya ua. Nilimwona kwa mbali, kikongwe mdogo aliyeketi mlangoni pake, na kila nilipomtupia jicho kichwa chake kilikuwa kikienda kushoto na kulia, polepole, kama mtu anayekataa jambo. Nilileta viti vipya, kichwa kikakataa. Nilitia nywele rangi nyeusi, kichwa kikakataa, na hapo nilikubali kwamba alikuwa na haki. Sikumuuliza mke wangu chochote. Nilidhani hukumu nimeisoma mwenyewe, na sikuona faida ya kusomewa tena kwa sauti.

Siku ya kisa chenyewe mke wangu alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Nesitu kungojea lori lililokuwa likileta vitunguu vyake kutoka mpakani. Watoto walikuwa shuleni, mimi nilibaki nyumbani na ripoti. Kama saa tano asubuhi nikasikia jerikeni linaanguka, kisha kimya. Mama mkwe alikuwa ameteleza kando ya pipa la maji, akagonga kichwa kwenye ukingo wake, juu kidogo ya sikio. Nilisimama hatua sita kutoka alipolala nikapiga kelele kumwita jirani. Ndivyo nilivyomwokoa. Jirani ndiye aliyemwinua, akamfunga kitambaa, akamketisha kwenye kiti cha nyuma cha gari na kukaa naye. Mimi niliendesha huku kioo cha ndani nimekigeuza kitazame paa.

Kwenye zahanati jirani alimshusha, akamketisha kwenye benchi, akarudi kwa bodaboda kwa watoto wake aliowaacha na sufuria jikoni. Daktari, mwanamume mtaratibu aliyekuwa akizungumza kama mtu anayepima dawa kwa kijiko, alipapasa uvimbe kwa vidole viwili.

"Ngozi si tatizo," aliniambia pembeni. "Nataka kujua mfupa. Kama umepasuka au umebonyea kwa ndani, lazima aende Kampala, na safari hiyo kwa umri huu..." Hakumaliza. "Tuanze na eksirei. Fanyeni haraka, jenereta inapumzishwa saa saba."

Ilikuwa saa sita na robo.

Chumba cha eksirei kilikuwa kidogo na baridi, na mpiga picha alikuwa msichana Mkenya wa Nakuru aliyevaa koti jeupe na raba nyekundu. Meza ya kulaza wagonjwa ilikuwa imeharibika, kwa hiyo picha zote zilipigwa mtu akiwa ameketi kwenye stuli mbele ya ubao uliosimama ukutani. Nilibaki mlangoni, uso nimeuelekeza kwenye korido, kama askari aliyeambiwa alinde upepo.

"Shosho, toa hereni. Toa rozari. Pini za nywele pia. Na hicho kitambaa," msichana alimwambia, akimwita bibi kwa neno la kwetu.

"Kitambaa pia?"

"Pia. Una meno ya kubandika?"

Nikasikia stuli ikigeuka.

"Sister," mama mkwe akasema, "kwanza uliza huyu mtu ya mlango, iko anaangalia wapi."

"Anaangalia nje."

"Uliza yeye."

"Mzee, unaangalia wapi?"

"Nje," nilisema. "Mwambie mama natazama nje."

"Amekusikia, mzee. Uko hapa hapa."

Nikasikia meno yakiwekwa kwenye bakuli la chuma. Kama sakafu ingepasuka saa ile ningeingia kwa hiari.

Msichana alimgeuza aukabili ubao, akamwambia aweke paji la uso na pua vigusane nao, kidevu akirudishe ndani, mabega ayalegeze. Aliwasha taa yenye mistari miwili inayokatana, akausogeza msalaba huo wa mwanga hadi ukatulia katikati ya kisogo. Akaenda nyuma ya kioo.

"Usikatae, shosho. Tulia."

"Mimi hapana kataa."

"Unatikisa kichwa."

"Kichwa ndiyo inatikisika yenyewe. Tangu nilikuwa kwa kambi kule Adjumani. Hii ni ugonjwa, siyo mdomo."

Mgongo wangu ulisikia maneno hayo kabla ya masikio. Miaka mitatu. Viti, rangi ya nywele, hotuba niliyoitoa Krismasi mbele ya familia nzima huku nikiona kwa pembe ya jicho ikipingwa sentensi baada ya sentensi. Mtu mwingine yeyote angeketi karibu na bibi huyu dakika tano na kufahamu kwamba ni mgonjwa. Mimi nilikuwa nimemheshimu mno kiasi cha kutomjua.

Picha ya kwanza ilitoka imevurugika, fuvu likiwa na kingo mbili mbili kama picha ya mtu anayekimbia. Mkanda wa kufungia kichwa haukufaa kwa sababu ungepita juu ya uvimbe.

"Inabidi mtu amshike," msichana alisema. "Mimi siruhusiwi, nafanya kazi hii kila siku, mionzi itanizidi. Mzee, vaa aproni."

"Mimi ni mkwe wake."

"Eeh. Sasa shida iko wapi?"

Nilimweleza. Alinisikiliza kwa adabu ya mtu anayesikiliza hali ya hewa ya nchi nyingine. Kisha nikatoka kutafuta mwanamke kwenye benchi la korido. Wa kwanza alikuwa mjamzito. Wa pili alikuwa na mtoto kwenye ziwa. Wa tatu, mama mnene aliyeshikilia tumbo, alinitazama toka juu hadi chini.

"Mimi pia ni mgonjwa, ya zol, bwana wewe. Wewe mwenyewe mikono iko na nini?"

Fundi wa jenereta alipita akitangaza, "Nusu saa!" Niliporudi mlangoni nilimkuta mama mkwe anazungumza, akiwa bado ameegemeza paji la uso ubaoni.

"Sister, ile glavu yako ya ukutani. Ni ya ngozi?"

"Ni nzito, shosho. Ina madini ya risasi ndani, ya kuzuia mionzi."

"Leta nishike." Aliziminya, akazigonga kwenye stuli. "Kalas, imekwisha. Mwambie yeye avae hii. Mkono yake hapana fika kwangu. Hii ni kama mtu anashika mimi, mlango iko katikati."

Sijapata kusikia hukumu iliyokatwa kwa haraka namna hiyo. Nilivaa aproni iliyonivuta mabega hadi karibu na magoti, nikatia mikono katika glavu zile, nikaingia. Alikuwa amenipa mgongo, kwa hiyo sheria ya macho haikuvunjwa. Nilimshika taya kwa chini, pande mbili, vidole vikae nje ya mwanga kama nilivyoelekezwa. Kichwa kilikuwa chepesi. Nilihisi mtikisiko ukipita ndani ya ngozi ile nene ya glavu, ukipungua, ukipungua, hadi ukatulia.

"Vuta pumzi, shosho. Bana. Usiachilie... haya."

"Safi," msichana alisema akitazama kompyuta. "Sasa ya ubavu wa kichwa."

Ya ubavu ndiyo iliyotushinda. Ilibidi aketi sambamba na ubao, upande wenye uvimbe ukiwa karibu nao, nami nisimame mbele yake, uso kwa uso, ili nione pua inaelekea wapi. Nilifumba macho. Nilidhani nimepata suluhisho la kisheria lililo sawa na lake.

Mashine ilipolia na msichana akatoka nyuma ya kioo, hakuwa na furaha.

"Mzee, kichwa umekipindisha. Tazama, matundu ya macho yamepandana vibaya, na pale alipogonga mfupa umefunikwa. Daktari hataona kitu. Ulikuwa unaangalia wapi?"

"Nilikuwa nimefumba macho."

"Umefumba macho, na wewe ndiye unapima mstari?"

"Dakika kumi!" ilisema sauti ya fundi nje.

"Picha moja ya mwisho," msichana alisema. "Sitamchoma shosho mionzi kwa sababu ya aibu zenu. Mstari wa macho unyooke, usipande, usishuke. Hiyo ni kazi ya mtu anayeona."

Nilisimama na glavu zangu hewani. Nilifikiria Kampala, barabara ile ndefu, na sentensi ambayo daktari hakuimaliza. Nilifikiria pia, kwa sababu akili yangu haijui adabu, aya ya tatu ya insha yangu, ile iliyosema kwamba desturi ni woga uliozoeleka.

"Sister," mama mkwe akasema taratibu, "mwambie baba ya watoto afungue macho. Mimi ndiyo nitafunga yangu. Hapa mtu mmoja akikosa kuona inatosha."

Akafumba macho. Nami nikamtazama.

Alikuwa na nyusi za mke wangu. Sijui kwa nini hilo lilinishangaza. Mdomo usio na meno ulikuwa umejikunja kwa ndani, mvi zake zilisukwa mistari minne iliyolegea, na kwenye shavu palikuwa na alama ndogo ya kovu ambayo binti yangu mdogo hupenda kuigusa, ndivyo nilivyowahi kusimuliwa. Nilimshika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine. Nilisawazisha macho mawili yaliyofumbwa kama mtu anayetundika picha ukutani, nikashusha kidogo upande wa kulia, nikarudisha. Mtikisiko ulikuja, nikaungoja, ukapita.

"Hapo," nilisema. "Sasa."

"Bana pumzi, shosho."

Tulibana sote wawili.

Daktari aliiangalia picha ile kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Aliikuza kwenye kompyuta, akafuata ukingo wa fuvu kwa ncha ya kalamu, polepole, kutoka paji la uso hadi kisogoni, akarudi pale penye uvimbe, akasimama, akaendelea. Jenereta ilizimwa akiwa bado anatazama. Kompyuta ya betri ikabaki ikituangazia nyuso.

"Mfupa mzima," alisema. "Hakuna ufa, haujabonyea. Kampala tuiache." Kisha akainua kidole. "Lakini eksirei inaonyesha mfupa tu, haionyeshi kilicho ndani. Leo asiachwe peke yake. Kila nusu saa mtu amwite, ahakikishe anajibu vizuri. Akitapika, au akilala asiamke, mrudi mbio. Nani atakaa naye?"

"Binti yake anarudi jioni."

"Na hadi jioni?"

Tuliporudi nyumbani nilipeleka kiti changu na ripoti yangu uani, nikaketi nje ya mlango wake uliofunikwa pazia, mgongo ukiwa umeelekea ukuta. Sauti haikatazwi na mtu yeyote, si kwetu wala kwao. Saa nane nikaita, "Mama?"

"Mimi iko."

Saa nane na nusu. "Mama?"

"Mimi iko, baba."

Saa tisa nilichelewa dakika mbili kwa sababu ya jedwali moja baya katika ripoti, na yeye ndiye aliyeanza. "Wewe umelala?"

"Hapana, mama."

"Tamam, vizuri. Fanya kazi yako."

Saa tisa na nusu niliita, hakujibu. Niliita tena. Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu. Nikalishika pazia na kulisogeza nusu, mkono ukiwa mtupu, bila glavu.

"Nakunywa chai!" ilisema sauti ndani, kwa hasira. "Mtu akiwa na chai kwa mdomo atajibu namna gani? Rudi kwa kiti yako."

Nilirudi.