Kigiriki cha Baba Asifiwe

Mume wangu Lusungu anajua Kigiriki. Wageni huwa nawaambia mapema wasije wakashangaa, maana ukimtazama huwezi kudhani. Ni karani wa vifurushi pale stendi ya Mbezi Luis, kazi yake ni kuandika majina kwenye maboksi yanayopanda mabasi ya mikoani. Kigiriki alikipata ujanani, chuo cha uchungaji huko kwetu Rungwe, ambako walifundishwa lugha hiyo wasome maandiko yalivyoandikwa kwanza. Kabla hajamaliza, baba yake akafariki, wadogo zake wakawa mikononi mwake, naye akaja Dar kutafuta riziki. Uchungaji ukaishia hapo. Kigiriki kikabaki kichwani bila kazi.

Mimi nilishakichoka. Tukila samaki, ataniambia Wagiriki walimwitaje samaki. Mtoto akikohoa, Baba ana neno la mapafu. "Kula, chakula kinapoa," ndilo lililokuwa jibu langu.

Halafu nikajiunga na chuo cha uuguzi. Kwa miaka mingi nilikuwa mhudumu wa zahanati, nikifagia vyumba, nikiosha vifaa na kuwashika watoto wakichomwa sindano. Asifiwe wetu alipoolewa, nikasema sasa ni zamu yangu. Darasani nilikaa na mabinti wanaoweza kuwa wanangu. Wao waliyakariri majina ya magonjwa kwa kuyaimba, huku wakicheza mabega. Mimi nikiimba, neno la tatu linalifukuza la kwanza.

Jioni moja nilikitupa kitabu juu ya kochi. Lusungu akakiokota.

"Mama Asifiwe, haya si maneno ya kipande kimoja. Yameungwa. Hepar ni ini. Itis, madaktari wanaitumia kwa kiungo kilichovimba na kuuma. Ndiyo hepatitis. Sasa, nefros ni figo."

"Kwa hiyo nefritis..."

"Sema mwenyewe."

"Figo zimevimba!" Nilipiga kelele mpaka jirani yetu Godlisten akachungulia dirishani kuona kama kuna ugomvi.

Tangu hapo nikalewa. Haima ni damu, an ni kukosa, ndiyo anemia. Hata kisukari, diabetes, maana yake ni kupita moja kwa moja: Wagiriki walimwona mgonjwa anakunywa maji, na maji hayakai. Wagonjwa hao nilikuwa nawajua kwa sura, wanavyouliza choo kiko wapi hata hawajaketi. Nikaona kwa nini nihangaike na kitabu kinene, wakati jina lenyewe linaniambia kila kitu?

Ndipo nilipoharibu. Mtihani wa muundo wa mwili uliuliza kazi ya ateri, mshipa unaotoka moyoni. Lusungu alishaniambia kwamba watu wa kale waliihusisha ateri na hewa, na jina lake likatoka huko. Nikaandika kwa mbwembwe kwamba ateri hubeba hewa, nikaisafirisha hewa yangu mpaka kwenye vidole vya miguu. Nikafeli.

Mwalimu wetu, Sania Bandali, aliniita ofisini. Ni binti mdogo, ana heshima zake.

"Shikamoo mama. Hii hewa umeitoa wapi?"

"Marahaba. Kwa Wagiriki," nikasema, nikaona aibu.

Alicheka, lakini si kwa kunidharau. "Wale wazee waliangalia maiti. Mtu akishafariki, ateri hubaki karibu tupu, damu imehamia kwenye mishipa mingine. Wakaona utupu, wakasema ni njia ya hewa. Walikosea, mama, ila jina likabaki. Jina linakuonyesha waliona nini. Ukitaka kujua kilichomo, uliza mwili."

Akaniambia kuna sapu, yaani mtihani wa marudio. Nikianguka tena, chuo basi, narudi kwenye ufagio.

Nilipomsimulia Lusungu, alinyong'onyea. "Kigiriki changu kimekufelisha," akasema. Akafunga mdomo. Siku zikapita, tukala samaki na samaki hakuwa na jina. Nilidhani ningefurahia ukimya ule, kumbe ulinitia uchungu. Na sapu ilikuwa inakuja.

Mchana mmoja nikamfuata stendi, hasira kichwani. Alikuwa anafunga boksi la mteja.

"Baba Asifiwe, usininunie hapa! Mie sijafelishwa na Kigiriki, nimefelishwa na uvivu wa kufungua kitabu. Wewe nipe neno. Mwili nitautafuta mwenyewe."

"Dada," mteja akasema, "basi langu linaondoka."

"Likuache!" nikamjibu. Lusungu akacheka, nami nikajua amerudi.

Tukaanza upya, kwa utaratibu wangu. Kila jioni alivua shati akaketi kwenye stuli. Alisema neno na asili yake. Mimi niligusa mahali pake mwilini mwake, nikaeleza kazi yake kama kitabu kinavyosema, na nikitegemea Wagiriki peke yao, alitikisa kichwa. Godlisten aliacha kuchungulia. Ilipofika zamu ya ateri nilimshika kifundo cha mkono, nikasikia damu inavyogonga chini ya vidole vyangu. Nikamwambia, hewa haigongi hivi. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kumshika mkono kwa utulivu namna ile, na nilipenda.

Nikafanya sapu. Matokeo yalikuja kwenye simu nikiwa zahanati, kwenye kibarua cha likizo, dekio mkononi. Nikampigia.

"Baba Asifiwe, nimefaulu."

Nikasikia wapiga debe wanaita Iringa, wanaita Mbeya. Kisha akapaza sauti: "Khaire! Khaire!" Wabeba mizigo waliniambia baadaye kwamba walidhani ananena kwa lugha, mmoja akavua kofia.

"Ndiyo nini hiyo?" nikamuuliza.

"Maana yake furahi. Wagiriki wakikutana njiani walisalimiana hivyo." Akaongeza, "Ndilo neno la kwanza nililofundishwa, mke wangu. Sijawahi kupata wa kumwambia."