Benzi Lililopeleka Maharusi

Baba alinipa Benzi lake la zamani macho yake yalipoanza kufifia. Lilikuwa jeusi, viti vya ngozi, dashibodi ya mbao. Kwetu Ihembe lilikuwa limepeleka kanisani karibu kila bibi harusi wa ukoo wetu, nami nikiwemo. Aliponikabidhi ufunguo alisema litakuwa langu, nilitumie nipendavyo.

Mimi napenda mashindano ya magari. Nilikuwa nikishindana kwa kigari cha kuazima, na injini ile kubwa ikanitia tamaa. Nikalipeleka kwa fundi mmoja kule Nkwenda. Alilizunguka taratibu, akaniuliza kama nyumbani wanajua. Nikamjibu kwamba gari ni langu. Basi akang'oa viti, zulia na mbao, akakata vyuma vilivyoshikilia kiti cha nyuma ili kupunguza uzito, kisha akachomelea mabomba ya kunikinga likipinduka. Kila kilichotoka nilikiona mzigo tu.

Nilipolirudisha nyumbani likinguruma, mdogo wangu wa kike alitoka jikoni, vidole vimeingia weusi wa utomvu wa ndizi. Alikuwa ameshaposwa, harusi ilingoja mavuno ya kahawa. Alichungulia ndani, macho yakaenda moja kwa moja nyuma, pale palipobaki bati tupu.

"Dada," alisema polepole, "na mimi nilikuwa nangoja zamu yangu."

Siku ya posa nilikaa mkekani pamoja naye, nikacheka na wageni, na bado sikumkumbuka nilipokuwa kwa fundi.

Kesho yake nilirudi Nkwenda. Fundi aliniambia kiti kinaweza kuchomelewa, lakini yeye hawezi kuahidi kwamba kitamshika mtu barabarani. Isitoshe, viti vyenyewe alikuwa ameshamgawia rafiki yake, vimegeuzwa makochi ya baa.

Mashindano yalifanyika Rugu, kwenye barabara ya vumbi. Nilishika nafasi ya pili. Watu walinibeba, baba akapapasa boneti akitabasamu. Mdogo wangu naye alikuja, akaniletea maji, akanifuta vumbi usoni kwa khanga yake. Afadhali angebaki nyumbani.

Harusi yake ilifika. Alipanda gari jeupe la kukodi, nami nikafuata kwenye pikapu ya wanakwaya. Njiani waliimba; mimi nilitazama miti ya kahawa ikipita.

Sasa ameolewa Kyerwa. Nikienda kufanya mazoezi huko napita kwake. Ananiamkia, "Shikamoo dada," ananitengea ndizi na maharage, ananiuliza gari linaendeleaje. Hajawahi kulitaja tena lile neno la zamu yake. Mara nyingi, nikinawa mikono, huwa natamani anigombeze.