Bomba Lililokohoa

Watu wanadhani harufu mbaya ni kitu kimoja. Si kweli. Choo kinanuka mayai mabovu, kichwa kinakuuma. Mtu aliyekufa ananuka utamu-utamu, na utamu ule unakuganda kooni hata chai ya tangawizi haiutoi. Sisi wa Bujumbura tulizijua zote mbili miaka ile ya vita, maana mto Ntahangwa ulishuka na watu asubuhi kama unavyoshuka na migomba wakati wa mvua. Lakini mtu mwenye hofu hatofautishi. Kikinuka kitu, anasema maiti.

Mimi ni fundi bomba, mtoto wa mtaa wa Buyenzi. Shule niliiacha mapema, nikafundishwa kazi na mzee mmoja wa Uvira, mlevi, Mungu amrehemu. Alisema pua ya fundi haitakiwi kuvuta tumbaku. Yeye mwenyewe alivuta mpaka vidole vikawa rangi ya chai. Basi, tuyaache hayo.

Ilikuwa asubuhi baada ya ville morte, yaani zile siku ambazo vijana wa barabara walitangaza mji umekufa. Ukitoka kwako unakula jiwe au gurunedi. Patroni wa duka moja la vitenge, karibu na soko, akaja kwangu anakimbia, mtu mnene yule, viatu mkononi.

“Fundi, chukua vyombo. Watamuua zamu wangu.”

Zamu ndivyo tunavyomwita mlinzi. Nikauliza kafanya nini.

“Dukani kunanuka. Vijana wamepotelewa na mwenzao, wanasema zamu kamuua, kamficha humo ndani. Tafuta inakotoka harufu, uwaonyeshe ni choo tu. La sivyo anakufa.”

Nyumba ile ilikuwa ya ghorofa. Chini duka, juu maofisi yaliyofungwa tangu wenyewe wakimbie. Nilimkuta zamu amepigishwa magoti katikati ya vitenge. Sikio moja linaning'inia. Meno yake mawili matatu yako sakafuni, na kijana mmoja anayasukuma kwa kiatu kama anacheza. Mkubwa wao alikuwa na bunduki, amevaa koti la mvua la kike. Sijui alimvua nani.

“We ndiye fundi?”

“Ndiye.”

“Tafuta maiti.”

“Mi natafuta harufu, mwanangu. Maiti si kazi yangu.”

Akanipiga kofi nikaona nyota. “Leo ni kazi yako.”

Nilinusa. Mayai mabovu, wala hakuna utamu. Nikawaambia hii ni sifoni imekauka. Sifoni ni ile shingo ya bomba inayopinda chini ya choo au sinki; maji yakikaa mle yanaziba njia, hewa chafu haipandi. Wenye ofisi wakikimbia, hakuna anayemwaga maji, shingo inakauka, mji mzima unakunukia chumbani. Ila ni ipi, kwenye nyumba yenye vyoo kila ghorofa? Hapo ndipo dawa ya mzee wangu wa Uvira. Unafungua shimo la nje, lile lenye mfuniko wa zege, unashusha mkebe wa matambara yenye mafuta machafu ya gari, unawasha, unafunika na gunia bichi. Moshi unapanda kwenye mabomba. Utakapotokea ndani ya nyumba, ndipo harufu inapotokea. Hausemi uongo, moshi.

Nikauwasha mkebe. Mkubwa akanipa kijana mmoja anisindikize juu, mwenye fimbo ya chuma, ndevu hazijaota. Ghorofa ya kwanza hakuna kitu, shingo zake bado zina maji. Ya pili, mwisho wa korido, mlango wa ofisi umefungwa na kufuli, na moshi mweusi unatoka chini yake. Nikafurahi! Nikasema moyoni, zamu kapona.

Halafu mlango ukakohoa.

Kikohozi kidogo, cha mtu aliyejiziba mdomo kwa nguo. Kijana akageuka. Na mimi hapo hapo nikaelewa kila kitu: kwa nini zamu anapigwa na hasemi “pandeni juu mkaangalie.” Alikuwa amemficha mtu mle. Mtu wa kabila ambalo siku ile lilikuwa halitakiwi mtaa ule.

“Kuna mutu ndani,” kijana akasema.

“Apana. Ni bomba.”

“Bomba linakohoa?”

“Likikauka, linakohoa. Hewa inapita kwenye shingo. We hujawahi kusikia sinki likipiga mbweu?”

Likakohoa tena. Nami nikaanza kukohoa, nikajikunja, nikapiga ukuta kwa ngumi, nikatema mate, na moshi ule ukamwingia kijana naye akakohoa machozi yakamtoka. Tukakohoa watatu kama wagonjwa wa kifua kikuu. Akanitazama kwa macho mekundu. Hadi leo sijui kama aliniamini au alichoka na damu. Akasema, “Shuka, muzee. Moshi utaniua.”

Chini akawaambia wenzake juu hakuna kitu, bomba tu, linakohoa. Wakacheka mpaka wakaegemeana.

“Bomba la tuberkulosi!” mmoja akasema.

Mkubwa hakucheka. “Basi harufu inatoka wapi?”

Ningesema juu, wangevunja mlango. Nikasema, “Nje, kwenye shimo. Limeziba.”

“Ingia. Umtafute ndugu yetu kwa mikono.”

Niliutoa mkebe, nikaingia, maji machafu yakanifika kifuani. Nikapapasa chini, nikawatolea nilichokipata: matambara, mchanga, panya aliyevimba. Nikavirusha miguuni mwao. Wawili wakatapika palepale, hao waliokuwa wanacheza na meno ya mtu. Mkubwa likamrukia tone kwenye koti. Akanipiga teke la mdomo nikarudi chini mzima mzima, nikayanywa. Nilipoinuka alikuwa amerudi dukani. Nikasikia kitako cha bunduki kikishuka kwenye kitu, mara nyingi, na patroni analia, “Si mumeona ni choo? Si mumeona?”

“Ni kwa kutunusisha mavi,” mkubwa akajibu. Wakaondoka, kila mmoja na jora la kitenge begani.

Zamu alikufa kabla ya adhuhuri. Kinywa hakikuwa kinywa tena. Alinishika suruali tu, ile iliyojaa uchafu, akatazama juu, kwenye dari. Nikamwambia, “Nimemsikia. Nitamtoa.”

Nilimtoaje? Kwa uchafu huo huo. Yule wa juu alikuwa karani, kijana wa shati jeupe. Patroni akafungua kufuli, nikampaka kutoka kichwani mpaka vidoleni, akapiga magoti akatapika, nikampaka tena. Nikamtwika ndoo ya mavi imejaa mpaka ukingoni, nami yangu, tukatoka mchana kweupe kuelekea Buyenzi. Kwenye kamba ya vijana, ya kuzuia barabara, wanaangaliaga pua, urefu, vidole, vitambulisho. Nani ataangalia pua ya mtu aliyepakwa kinyesi?

“Simama! Munapeleka wapi?”

“Kumwaga, ndugu yangu. Unataka tumwage hapa?”

“Pita! Pita, mbwa we!” Wakajiziba pua kwa mashati. Mmoja akamtandika karani fimbo ya mgongo, si kwa sababu yoyote, alikuwa karibu tu. Ndoo ikacheza, ikammwagikia usoni. Hakuiachia. Hakulia. Tukapita.

Nyumbani mke wangu alitukataza mlango, akatupeleka uani penye pipa la maji na sabuni ya kipande. Nikaoga. Karani akakaa tu na kopo mkononi. Akauliza, “Yule mzee zamu?”

“Amekufa.”

Akaitikia kwa kichwa kuwa alijua. Alisikia yote kupitia sakafu. Akatueleza kwamba zamu alimpelekea mkate na chupa ya maji kila alfajiri, akamkataza kitu kimoja: asimwage maji popote, chooni wala sinkini, maana bomba linapita ndani ya ukuta wa duka, na maji yakishuka wateja wanasikia. Ndipo shingo ilipokauka.

Mke wangu akamwambia, “Oga, baba. Mwaga maji. Hapa hakuna anayekusikiliza.”

Akachota. Akaliegemeza kopo kwenye bega lake taratibu, kidogo kidogo, maji yashuke kwenye ngozi bila mlio wa kudondoka chini. Ilimchukua mpaka jua likazama, na bado alikuwa ananuka.