Miwani ya Ulanga

Kazi yangu ilikuwa kusimama juu ya jiwe na kusema "yupo" au "hayupo". Watu wakiniuliza nilifanya nini kule milimani nami nikawajibu hivyo, hucheka, na mimi hucheka nao. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mzungu mmoja, mpima ardhi wa serikali, alikuwa akivua samaki katika mto Mgeta, na mimi nilikuwa macho yake.

Wakati huo nilikuwa na ndevu nne, nilizihesabu. Mama alikuwa amekufa. Kwetu Uluguru shamba hutoka upande wa mama, kwa hiyo nilipomzika nikawa mgeni katika kijiji cha baba nilikozaliwa. Mjomba alikuwa ng'ambo ya mlima, na hakuniita. Nikashuka Morogoro, nikasoma miaka miwili katika shule ya serikali karibu na boma. Kusoma nilijua, kuandika nilijua, hesabu zilinishinda kwa sababu dirisha lilikuwa limeelekea milimani, na mawingu ya Uluguru hayatulii hata kidogo. Kila nikiinua kichwa yalikuwa yamejenga mji mwingine. Nikaenda kwenye mashimo ya ulanga. Ulanga ni lile jiwe linalomenyuka kama kitunguu, tabaka juu ya tabaka, jembamba kuliko karatasi, na unaweza kuona upande wa pili. Nilikaa huko msimu mzima nikilichana kwa kisu. Halafu mpima akapita akitafuta wachukuzi, nikafuata.

Kambi yake ilikuwa kando ya mto. Wachukuzi wengine walikuwa watu wa mbali, wa bara huko, wana lugha yao na nyimbo zao, na wakicheka mimi nilitabasamu tu bila kujua kinachochekesha. Mpishi alikuwa mtu mzima wa pwani, ana sala zake na sufuria zake. Mpima alikuwa na darubini yake ya miguu mitatu. Mimi sikuwa na kitu. Nilibeba fito zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe, nikazisimika pale nilipoambiwa, nikasimama kando yake kutwa, peke yangu juu ya kilima, huku watu wengine wote wakiwa kilima cha pili wakinitazama kwa darubini. Nilizoea kuwapungia mkono. Hakuna aliyejibu, nadhani walifikiri nafukuza nzi.

Uvuvi wa mtoni ulianza kwa sababu ya ukungu. Milimani kwetu, jua likishapinduka, ukungu hufunika vilele, na darubini haioni fito. Basi kazi imekwisha. Lakini bondeni jua bado linapiga, na mpima huchukua ufito wake mwembamba wa kuvulia na kushuka majini. Hakutumia chambo. Ndoana yake alikuwa ameifunga manyoya ya jogoo na uzi mpaka ikawa kama nzi, na huyo nzi alimrusha juu ya maji kwa mshipi mrefu, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayechapa hewa. Akina mama waliokuwa wakivua kwa vikapu pale kwenye maji mafupi walikaa chini kwa kucheka.

"We kijana," mmoja aliniita, "mwambie bwana wako aje tumgawie. Atakufa na njaa na hayo manyoya!"

"Hali samaki wake, mama," nikasema. "Wadogo huwarudisha."

"Huwarudisha wapi?"

"Majini."

Yule mama aliniangalia kwa huruma, kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Mpima hakuwa akiona samaki vizuri. Miaka mingi ya kutazama jua kwa darubini ilikuwa imemchosha macho. Yalikuwa mekundu, yakitoka machozi, na kila siku alivaa miwani ya vioo vya buluu, yenye vizuizi pembeni. Siku moja nilikuwa nimekaa juu ya mwamba, nikamwona samaki. Nikamwonyesha kwa mdomo, kama tunavyoonyesha kwetu, maana ukinyoosha mkono samaki anaona kivuli. Mpima akafikiri namfanyia mzaha. Alisimama na ufito wake akinitazama, uso umeiva. Nikarudia, nikavuta midomo hadi ikauma. Mwishowe akaelewa, akarusha, akapata. Tangu siku ile, ukungu ukifika, sikubaki tena kilimani kulinda fito. Nilisimama nyuma yake juu ya jiwe: yupo, hayupo, hatua tano, kushoto.

Nisiseme uongo, nilifurahi kupita kiasi. Kulikuwa na mtu aliyegeuka kunitazama na kungoja nitakachosema.

Kisha ndoana ikanipata. Mpima alirusha mshipi nyuma, upepo ukausukuma, na yule nzi akaniingia kwenye nyusi, upana wa punje ya mtama juu ya jicho. Mpima mwenyewe aliitoa kwa koleo dogo. Alipomaliza, akagonga kioo cha miwani yake kwa kucha.

"Mimi miwani," akasema. "Wewe hapana. Hapana miwani, hapana mto."

Miwani ilikuwa moja tu kambini, nayo ilikuwa usoni mwake. Nikarudishwa kwenye fito. Siku nne nilikaa juu ya kilima nikisikia mto chini yangu, na siku ya tano nikakumbuka ulanga.

Nilikuwa nao kidogo katika mfuko wangu, vipande vizuri nilivyohifadhi kwa sababu ya kupenda tu. Nikachonga fremu ya mwanzi, nikashona ngozi ya mbuzi pembeni kuziba mwanga, kamba ikapita nyuma ya kichwa. Kwanza niliweka kipande kimoja kinene kila jicho. Nikaona dunia ya manjano, kama mtu aliye ndani ya chai. Nikakitoa, nikakichana tabaka nyembamba, nikachagua kumi safi kwa kila jicho, nikazipanga pamoja. Bado tabu: kope zilikwaruza, na jasho lilifanya mvuke. Basi nikafikiri jinsi paa la jiko linavyoachia moshi, nikaulaza ulanga vivyo hivyo, juu umegusa paji la uso, chini umetokeza mbele kama upenu.

Mpishi alipoiona miwani aliweka mwiko chini.

"Subhana'llah. Bundi kapata kazi serikalini."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bundi. Sasa utaona nini na hivyo vibaraza?"

"Nitaona samaki."

"Na jogoo wangu umemwona? Mkia wake umebaki unyoya mmoja. Nyinyi wawili mnavua au mnanyonyoa?"

Mpima aliigeuza miwani yangu mkononi, akaigonga, akaivuta kamba, akanirudishia. "Nzuri," akasema. Tukashuka.

Nilipanda kwenye jiwe langu, nikainamisha kichwa. Sikuelewa nilichokiona. Ule mng'aro wa jua ulioko juu ya mto, ile sahani ya fedha inayokuumiza macho, haukuwapo. Nikainua kichwa, ukarudi. Nikakiinamisha, ukazimika. Ilikuwa kama mtu amefunua kitambaa: changarawe moja moja, majani yaliyooza, kaa anatembea upande upande na shughuli zake. Na katika kilindi chini ya mwamba mkubwa, mahali ambapo sikuwahi kuona chochote isipokuwa weusi, alikuwapo kuyu mmoja. Kuyu ni samaki wetu wa mito ya milimani, mwenye magamba makubwa. Huyu alikuwa mrefu kuliko mkono wangu kuanzia vidoleni mpaka juu ya kiwiko, rangi ya shaba iliyokaa moshini, na ukingo wa pezi moja ulikuwa umekatika. Alisimama tu ndani ya maji yanayokimbia, akichezesha mkia polepole, kama mzee anayejipepea.

"Samaki?" mpima akauliza.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini asubuhi ile mpishi alikuwa ameniambia jambo.

Alikuwa amesema hivi: "Kupima kumekwisha tangu juma lililopita, wewe hujui? Fito unazosimika sasa ni za kupitisha muda. Bwana anamtaka samaki mmoja mkubwa, amchore katika daftari lake. Akimpata huyo, siku ya pili tunahamia upande wa Turiani."

"Na sisi wachukuzi?"

"Wale wa bara wanakwenda naye. Wa milima hii mnaachwa hapa hapa. Kule atachukua watu wa kule wanaojua njia. Kwani wewe si umeshafika kwenu?"

Nikatazama kilindi. Nikamtazama mpima, ufito umeinuliwa, shingo imegeuka kwangu, anangoja.

"Hayupo, bwana," nikasema.

Nilisema hivyo majuma matatu. Samaki wengine niliwaonyesha, wa kiganja, wa kiganja na nusu, ili asikate tamaa. Yule mkubwa nilimficha. Kila siku kabla mpima hajashuka nilitangulia mtoni, nikavaa miwani, nikamwambia kuyu shikamoo, maana kwa umbo lile alistahili. Nikampa habari za kambini: jogoo amebaki bila mkia kabisa, mchukuzi mmoja jino linamuuma, nimemwota mama anamenya mihogo. Hakuitikia marahaba, lakini hakuondoka pia. Niliwahi kuishi na watu waliofanya kinyume.

Nilipanga mambo mengi kichwani. Kwamba mvua zitaanza, mto utajaa, tutakaa mpaka mwaka mwingine. Kwamba mpima atazoea, atajenga nyumba ya mawe pale, mimi nitakuwa mtu wa nyumba hiyo. Kuota ndoto sijawahi kushindwa.

Ikafika alasiri moja, mpima akavua miwani yake ya buluu, akafuta macho kwa kitambaa, akanyoosha mkono kwangu.

"Lete."

"Nini, bwana?"

"Hiyo miwani yako. Mimi jaribu."

Ningeweza kuidondosha majini. Nimeliwaza hilo mara nyingi tangu siku ile. Lakini mikono yangu ilikuwa imeshaifungua kamba, na nikampa. Alipanda juu ya jiwe langu, mzee mzito yule, akanishika bega asianguke. Nikamwambia, "Inamisha kichwa, bwana." Mimi mwenyewe nilimwambia.

Akainamisha. Nikausikia mkono wake ukinibana bega.

Kilindi kilikuwa palepale mbele yetu, mahali nilipotazama siku zote na kusema hayupo. Kisha akageuka. Sikuweza kuyaona macho yake ndani ya ulanga. Nilijiona mimi, mdogo, mara mbili. Nikajua kinachokuja. Kwa uongo mdogo kuliko ule nilikuwa nimeona watu wakilazwa chini mbele ya askari wapigwe kiboko. Nikaanza kuvua shati.

"Kwa nini?" akauliza.

Nilitafuta maneno. Mengi yalikuwapo, yamejipanga vizuri kwa majuma matatu. Yaliyotoka ni haya: "Ukimpata utaondoka, bwana."

Alinitazama kidogo. Akaniashiria nivae shati langu. Kisha akashuka kutoka juu ya jiwe, akaenda mpaka upande wa chini wa kilindi, miwani yangu usoni, akarusha nzi mara moja tu. Kuyu akapanda. Nilimwona hata bila miwani, shaba inageuka chini ya maji. Walivutana muda wa kuchemsha chungu cha maji, na nikashangaa kwamba sikujua nimwombee nani.

Mpima alimlaza juu ya majani mabichi, akamchora haraka, akimwagia maji kila mara. Nilidhani atamrudisha kama alivyowarudisha wadogo. Alijaribu. Alimshika majini muda mrefu, akimsukuma mbele na nyuma ili apumue, lakini kuyu alikuwa amechoka mno, akalala upande. Jioni mpishi alimpika kwa nazi. Nililetewa kipande. Nilikizika kando ya jiwe.

Siku ya pili mahema yalishushwa. Wachukuzi walifunga mizigo wakiimba. Mpishi alinipa kisu chake kizee na kusema, "Nenda kwa mjomba wako, mwanangu. Mjomba hununa, hafungi mlango." Kisha mpima akanijia. Miwani ya ulanga ilikuwa shingoni mwake, kwa kamba yangu. Mkononi alikuwa na ile ya buluu, akaniwekea kiganjani na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

"Macho yako mazuri sana," akasema. Akatafuta neno. "Kinywa, hapana."

Wakapanda njia ya mlima. Niliwapungia mkono mpaka ukungu ukawameza. Mpishi aligeuka mara moja.

Nilibaki siku kadhaa katika duara za nyasi kavu zilizoachwa na mahema. Miwani ya buluu ni nzuri, inapoza macho, watoto wa njiani huniita daktari mpaka leo. Lakini mtoni ilinionyesha sahani ile ile ya fedha, sasa imekuwa ya buluu, na chini yake sikuona kitu. Nikachana ulanga uliobaki, nikachonga mwanzi mwingine kwa kisu cha mpishi.

Ilipokuwa tayari nikapanda kwenye jiwe, nikainamisha kichwa. Chini ya mwamba palikuwa na mchanga mweupe, umefagiwa na mkia uliokuwa ukicheza pale miaka mingi. Nilikaa. Alasiri, ukungu ulipofika vileleni, kuyu mwingine akaingia kutoka maji mafupi, wa kiganja tu, akazunguka mara mbili, akasimama katikati ya ule mchanga kana kwamba amekabidhiwa.

"Yupo, bwana," nikasema. "Hatua sita. Kushoto."

Kisha nikainua kichwa, kwa mazoea, kuona kama mpima amesikia.